Sura ya Tano: Tepu Iliyosemwa Kuwa Tupu

Babu mzaa baba wa Inspekta alikuwa mwashi, na kuta alizozijenga zimesimama wima hadi leo, ingawa waliozipaka rangi baada yake wameziaibisha. Babu yake mzaa mama alikuwa mpiga chapa. Alisoma kila ukurasa mara tatu kabla ya kuukabidhi kwa mashine, na kwa miaka thelathini na mmoja hakurudishiwa kazi hata moja. Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipoonekana akikunja kona ya soko, wachuuzi walirekebisha mizani zao wenyewe bila kuulizwa, kisha wakamwamkia kwa mikono miwili. Haukuwa ukoo wa mali. Ulikuwa ukoo ambao mtu akisema "nimehakikisha," walioketi naye waliendelea kula kwa amani.

Mjukuu wa wazee hao, aliyestaafu upelelezi akiwa na cheo ambacho watu walikigeuza kuwa jina lake, alikuwa ameisoma ripoti ya mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha uuguzi kwa mara ya nne. Ilikuwa na sentensi tatu. Mashine ya tepu iliunganishwa kikamilifu. Tepu ilisomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tepu ni tupu. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mikia mingi kuliko maneno yenyewe. Saa haikutajwa, shahidi hakutajwa, wala namba ya tepu.

Aliikunja, akaitia mfukoni, akapanda ngazi za chuo. Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi. Saa tisa alasiri Baraza la Wauguzi, ambalo ndilo lililomwomba achunguze, lingeketi katika ukumbi wa juu kuamua jambo moja: je, muuguzi wa wodi ya watoto, aliyehudumu miaka kumi na mmoja, alighushi cheti chake? Cheti kilisema amefaulu mtihani wa vipimo vya dawa. Kompyuta ya chuo ilisema amefeli. Vitabu vya karatasi vilioza zamani, paa la stoo lilipovuja. Ushahidi uliobaki ulikuwa tepu moja ya akiba, iliyorekodiwa mwaka uleule wa mtihani, na mtaalamu alikuwa ameiandikia cheti cha kifo.

Muuguzi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amevaa sare iliyopigwa pasi. Kifuani palikuwa na alama ya mstatili, kitambaa kikiwa cheupe zaidi pale beji ilipokaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulipata ngapi?"

"Sabini na moja."

"Ni miaka kumi na miwili. Unakumbuka namba?"

"Aliyefeli ndiye husahau, baba."

Inspekta aliandika jibu hilo. Akamwambia asiondoke, na asizungumze na mtu yeyote atakayempa pole, kwa kuwa watoa pole ni wachukuzi hodari wa maneno. Kisha akaenda masjala.

Mtunza masjala alikuwa mwanamke wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Chuo kizima kilimwita Bibi Masjala. Funguo za kabati la tepu zilikuwa shingoni mwake kwa uzi, na ndizo zilizomfanya Inspekta aanze naye. Aliomba kuiona tepu. Ilikuwa kaseti nene, nyeusi, ndani ya kasha lake la plastiki, na kwenye lebo palikuwa na wino wa aina mbili: wa kwanza umefifia, wa pili umepita juu yake kwa mkono mwingine. Mahali pa kuanzia palikuwa hapo. Mwenye ufunguo na mwenye wino anaweza kuwa pia mwenye kubadilisha tepu.

"Nani aliandika juu ya maandishi ya mwenzake?"

Bibi Masjala hakuharakisha. Alimaliza kubandika karatasi aliyokuwa nayo mkononi.

"Mimi, kaka yangu. Wino wa mwanzo ulikuwa unatoweka. Nikaandika juu yake mbele ya watu wawili. Geuza kasha."

Aligeuza. Nyuma palikuwa na tarehe, sababu katika maneno manane, na sahihi mbili za mashahidi zinazosomeka. Inspekta aliinamisha kichwa kidogo. Njia hiyo ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga aliifunga vizuri.

Akaomba daftari la kutoa na kurudisha. Siku mtaalamu alipoijaribu, tepu ilitoka kabatini saa nane na dakika kumi mchana. Ilirudi saa nane na nusu. Inspekta aliweka kidole juu ya mstari ule akauliza kama saa zile ni za kuaminika. Bibi Masjala alimwonyesha saa ya ukutani, kisha ya mkononi. Zote mbili zilikubaliana.

"Dakika ishirini," alisema Inspekta.

"Kijana wetu ni wa kasi. Hata chai huinywa kabla haijachemka."

Kwa miaka tisa Inspekta alisimamia chumba cha kumbukumbu za alama za vidole, enzi ambazo kumbukumbu hizo zililala kwenye tepu za namna hii hii. Alijua kwamba tepu kama ile, ikijaa, husomwa kwa saa moja na dakika arobaini, na haipungui hata ukiisihi. Lakini saa peke yake haimfungi mtu. Mwongo angeweza kusema kwamba aliona utupu mwanzoni akakatiza. Alimwomba Bibi Masjala afunge ofisi, achukue tepu na daftari, amfuate kama shahidi.

Mtaalamu alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na chumba chake kilikuwa na kuta za kioo, hewa ya baridi na kiti kinachozunguka. Wenzake walimwita Satelaiti, kwa sababu alikuwa juu daima na hakuna aliyewahi kumwona akishuka. Alimwamkia Inspekta bila kusimama, akasema ameambiwa kwamba mzee anataka kuliona jiwe lao la kale, yaani mashine ya tepu. Inspekta aliitikia, akakataa kiti chenye magurudumu, akakalia kile chenye miguu minne.

Kwa dakika kumi na mbili Satelaiti alitoa mhadhara. Alieleza kwamba tepu ni kama kaseti ya redio, kwamba hudhoofika, kwamba dunia imehamia kwingine na kwamba watu wa rika fulani hawapaswi kulaumiwa kwa kutofuata. Inspekta hakumkatiza. Mtu anayesema bila kuulizwa hulipa kodi yake mapema. Aliponyamaza, Inspekta alimuuliza ni nani aliyeiunganisha mashine. Satelaiti alijibu kwamba ni yeye peke yake. Akaulizwa tepu ilisomwa mara ngapi. Akasema mara moja, yote.

"Tangu siku ile, kuna aliyeigusa mashine?"

"Hakuna. Nimeiacha ilivyokuwa, hata waya sijachomoa. Ujionee mwenyewe, mzee wangu."

"Nitashukuru ukiniandikia hilo."

Satelaiti alicheka, akamtazama Bibi Masjala kana kwamba anamwomba amwonee huruma mzee huyu na karatasi zake, akaandika. Alitia sahihi yenye mikia. Inspekta alikausha wino kwa pumzi, akaiweka karatasi pamoja na ile ya kwanza.

Mashine zilikuwa katika chumba cha nyuma, kati ya viti vibovu na maboksi. Kompyuta ya zamani iliwekwa juu ya meza, na kando yake mashine ya tepu, kipande cha chuma chenye ukubwa wa matofali mawili, imeunganishwa nayo kwa kebo nene kama kidole gumba. Inspekta alivua koti. Alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akawasha tochi, akaiinamia mashine kwa nyuma. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Satelaiti alitazama simu yake.

"Njoo usome namba iliyo kwenye kidirisha hiki," alisema Inspekta.

Satelaiti aliinama. "Saba."

"Ndani ya kompyuta kuna kadi inayopokea kebo hii. Kadi yenyewe ni namba ngapi?"

Satelaiti alisema kadi hizo hujipangia. Inspekta alimweleza Bibi Masjala badala yake, kwa kuwa yeye alikuwa anasikiliza. Vifaa vyote vya kebo ile huishi kama wapangaji wa ua mmoja; kila mmoja ana namba ya mlango wake, na kadi, ambayo ndiyo mwenye nyumba, hukaa saba tangu kiwandani. Ukimpa mpangaji namba ya mwenye nyumba, barua zitarudi zilikotoka na hakuna atakayejibu hodi.

Bibi Masjala alisema kwamba hata yeye angelijua hilo, kwa kuwa amewahi kupanga.

Kisha Inspekta alielekeza tochi chini kidogo. Mashine ilikuwa na matundu mawili mapana. Moja lilikuwa na kebo. La pili lilikuwa wazi, pini zake zikimetameta. Akafungua boksi lililokuwa chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki uliozibwa kiwandani, wenye vumbi la miaka. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo mithili ya kichwa cha kebo kilichokatwa shingo.

"Hii ni nini?"

"Tamineta. Kitu cha ziada tu. Si lazima."

"Nani alikuambia si lazima?"

"Mzee, mimi nina shahada mbili."

"Sikukuuliza unazo ngapi."

Akamwonyesha Bibi Masjala kwamba mfuko haujawahi kufunguliwa. Kifaa kile huziba mwisho wa kebo, ili ishara zikifika zipumzike. Kikikosekana, ishara hurudi nyuma zikigongana, kama sauti katika nyumba isiyo na samani. Aliiwasha mashine, akaiwasha kompyuta, vikiwa vilevile Satelaiti alivyoapa kuwa aliviacha. Kioo cha kompyuta kilitoa mstari mmoja wa maandishi, kisha kikanyamaza, alama ndogo ikipepesa kwenye kona. Inspekta aliweka saa yake mezani. Walisubiri dakika tano nzima. Alama iliendelea kupepesa.

"Siku ile ilifanya hivi?"

"Siku ile ilikubali."

"Kwa namba saba, na bila tamineta?"

"Labda kuna mtu ameichezea."

Inspekta aliitoa karatasi yenye wino mpya, akaiweka juu ya meza, upande wa maandishi. Satelaiti aliisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Katika hali ile mashine isingeweza kusoma hata herufi moja, achilia mbali kujua kama tepu ni tupu. Maneno "mwanzo hadi mwisho" yalikuwa yameandikwa na mtu ambaye hakuona hata mwanzo.

Saa tano kasorobo Inspekta alianza kazi upya. Alizima kila kitu, akachomoa umeme ukutani. Kwa ncha ya kalamu alibonyeza kitufe kilicho kando ya kidirisha mpaka namba ikawa nne, kwa sababu sifuri ilikuwa ya diski na hakuona haja ya kukaribiana nayo. Aliichomoa kebo, akazitazama pini moja moja kama hakuna iliyopinda, akairudisha na kuibana kwa vibanio vyake viwili. Alimpa Bibi Masjala mkasi. Ndiye aliyeufungua mfuko, na ndiye aliyeandika katika daftari saa ulipofunguliwa. Tamineta ilikaa katika tundu la pili kwa mlio mdogo. Kisha Inspekta aliishika tepu, akaisukuma swichi yake ndogo ya pembeni upande wa kufungwa, ili isomwe na isiweze kuandikwa juu.

"Hilo ulilifanya?"

Satelaiti alisema hakumbuki.

Mashine ya tepu iliwashwa kwanza, peke yake, na Inspekta aliinyamazia mpaka taa ya kijani ilipoacha kupepesa. Ndipo alipoiwasha kompyuta. Kadi inayoamka kabla ya mashine haimwoni mgeni ambaye hajafika. Safari hii mistari ilifuatana kwenye kioo: namba sifuri, diski, namba nne, tepu. Bibi Masjala alinakili mistari yote miwili. Tepu ilimezwa, ikanung'unika ndani ya chuma, ikaanza kuzunguka. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Satelaiti alikumbuka kwamba ana kikao.

"Kikao chako ni hiki," alisema Inspekta, na akamsogezea kiti kibovu kimoja kati ya vile vilivyokuwapo.

Mashine ilisoma kwa saa moja na dakika arobaini. Katika muda huo Satelaiti alitoa sababu tatu kwa nini huenda hakuna kitakachopatikana, na kila sababu iliikanusha iliyoitangulia. Inspekta alizipa namba, akaziandika. Saa sita na dakika arobaini na tano mashine ilitulia. Tepu haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni: majina ya wanachuo, anwani za wazazi, ratiba, barua za likizo, na faili la matokeo ya mwaka ule, watahiniwa arobaini na mmoja. Lilichapwa. Namba kumi na nne alikuwa muuguzi aliyekuwa benchini, na mbele ya jina lake paliandikwa sabini na moja.

Satelaiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kufurahi. Alimpongeza mzee, akasema hitilafu za mfumo hutokea popote duniani, akasema atairekebisha namba ile mwenyewe jioni hiyo hiyo na mama wa watu atarudi kazini, mambo yaishe. Alinyoosha mkono aichukue karatasi.

"Keti," alisema Inspekta.

Aliagiza matokeo yaleyale yachapwe kutoka kompyuta ya sasa, akaziweka orodha mbili sambamba. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Akaiteremsha mpaka mstari wa arobaini na moja. Kisha akarudi juu, akamwita Bibi Masjala.

"Tepu inasema namba moja alipata sitini na nne, namba mbili hamsini na tisa. Leo namba moja ana ngapi?"

"Hamsini na tisa."

"Muuguzi wetu ana thelathini na nane leo. Nani alikuwa na thelathini na nane katika tepu?"

Rula ilishuka. "Namba kumi na tano. Aliye chini yake." Bibi Masjala alishika mdomo. "Zimepanda zote. Kila mtu amepewa alama za jirani."

Inspekta alisema ndivyo. Miaka mitano nyuma, orodha zilipohamishwa kutoka mfumo wa zamani, aliyehamisha alifuta alama ya kwanza akidhani ni sehemu ya kichwa cha safu, na safu nzima ikapanda ngazi moja. Majina yakabaki, alama zikahama. Akauliza ni nani aliyehamisha. Haikuwa lazima ajibiwe. Jina lilikuwa limechapwa chini ya orodha, pamoja na shahada zake.

"Ilikuwa kuteleza tu," alisema Satelaiti. "Mtu yeyote angeteleza."

"Kweli. Na mtu akiteleza namnyanyua." Inspekta aliiteremsha rula hadi chini kabisa. "Safu ikipanda, wa mwisho hubaki bila alama. Namba arobaini na moja alipata themanini na tatu. Leo ana hamsini. Katika tepu nzima hakuna hamsini hata moja. Ilitoka wapi?"

Inspekta aliigonga namba ile kwa ncha ya kalamu.

"Hamsini ndiyo alama ya kufaulu. Mtu aliliona pengo, akajua maana yake, akalijaza kwa mkono ili lisionekane. Safu iliteleza. Hii hamsini haikuteleza."

Satelaiti aliitazama mikono yake juu ya magoti, kama vitu vya kuazima. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mzee wangu, nilikuwa na wiki mbili tu kazini. Ningesema, wangeona sijui kazi."

"Kwa hiyo muuguzi alipolalamika, tepu ikatajwa, ukaiunganisha shaghalabaghala, na ilipokataa kuamka ukafurahi."

Satelaiti aliitikia kwa kichwa.

Bibi Masjala alikuwa bado ameishika orodha. Alisema polepole kwamba anamkumbuka namba kumi na tano. Alikuja miaka mitatu iliyopita kuomba cheti, akidai hakuwahi kupewa. Kompyuta ilipoulizwa ilisema sitini na sita, na chuo kikamchapia. Sasa anachoma watu sindano katika zahanati yake mwenyewe.

Kabla ya kula, kabla ya kunywa maji, Inspekta aliandika barua kuhusu zahanati hiyo na kumpa mtu wa kuipeleka. Kisha alimpa Satelaiti karatasi nyeupe na kumwambia aandike kilichotokea, kwa sentensi za kawaida, na aitie sahihi isiyo na mikia. Ilimchukua muda mrefu kuliko kuihamisha orodha.

Saa tisa Baraza liliketi. Inspekta alizungumza kwa dakika nane na kukaa. Mwenyekiti alishuka kutoka jukwaani akambandika muuguzi beji yake kwa mkono wake, na pini ikakataa mara mbili kabla ya kuingia. Muuguzi hakulia. Aliuliza kuhusu wenzake wote wa orodha ile, kama nao wataandikiwa, na akakataa kuketi mpaka jibu lilipowekwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Nanyi vijana mnaofuatilia hadithi hii, mliokabidhiwa majina ya watu, sikieni, tena acheni simu kwanza. Hakuna aliyewataka msikosee. Hatuna ujinga huo. Siku mtakapoliona pengo mlilolifanya wenyewe, liacheni wazi, mkamwite mkubwa wenu alione likiwa bado pengo. Aibu yake ni ya siku moja. Kaeni chini, mlishike neno hili, na asiwepo wa kuniambia kwamba hakuambiwa.